Dodoma ukiumwa uanzie mlango upi? Niliyoyaona tangu nihamie 2017

Mngoni wa Kisasa

Mbukwenyi wakuu.

Kila baada ya siku mbili tatu anatokea mtu humu: "Nimepata uhamisho wa Dodoma, nina mzazi mgonjwa, hospitali zipo huko au nimwache Dar?" Nimejibu mmojammoja mpaka vidole vimechoka. Leo naandika mara moja, mwenye shida asome hapa. Mimi si daktari wala si mtu wa afya. Ni mtumishi niliyekuja 2017 wizara zilipoanza kuhamia, nikapanga Kisasa, mwaka uliofuata nikamleta mama kutoka Songea. Mama ana sukari na presha. Kwa hiyo hospitali za mji huu nazijua kwa kukalia mabenchi yake.

Kwanza muelewe mji ulivyovimba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179, na mkoa mzima ukavuka milioni tatu. Hao wote wanazaa, wanaanguka na bodaboda, wanazeeka. Ukikuta foleni, piga hiyo hesabu kabla hujamtukana nesi.

Wenyeji wakisema "General" wanamaanisha hospitali ya rufaa ya mkoa, pale mjini. Ndiyo ya zamani, ndiyo inayobeba mzigo wa mkoa mzima: Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa, wote rufaa zao zinashukia pale. Wakisema "Mkapa" ni Hospitali ya Benjamin Mkapa, ile ya kule UDOM iliyozinduliwa 2015. Hiyo ni ya kanda na ni ya mabingwa. Figo walianza kupandikiza 2018, wakishirikiana na madaktari wa Tokushukai kutoka Japani, miezi michache tu baada ya Muhimbili kufanya ya kwanza nchini. Moyo wanachunguza na kuzibua mishipa hapohapo, na 2023 wakaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Miaka kumi na tano nyuma mgonjwa wa namna hiyo angepakiwa kwenye basi kwenda Dar, kilomita 450, akifika hoi.

Kuna za mashirika ya dini pia. St. Gemma ya masista kule Miyuji, DCMC kule Ntyuka, na ukitoka mjini kama kilomita 40 unakuta Mvumi ya Waanglikana, ambayo ni kongwe kuliko wengi wetu humu. Uhuru ipo Chamwino. Hiyo ina kisa chake: mwaka 2018 fedha za sherehe za Uhuru, shilingi milioni 995, zikaamriwa zijenge hospitali badala ya gwaride. Na Mirembe, ya afya ya akili, ipo tangu 1927.

Kwa hiyo majengo yapo. Kilichonitesa mimi ni mlango.

Mama alipata kidonda kwenye kidole cha mguu. Kiatu kilimbana, akanyamaza wiki mbili kama kawaida ya mama zetu. Nilipokiona nikachanganyikiwa, nikakodi bajaji moja kwa moja mpaka hospitali moja kubwa, siitaji. Bima ninayo, kadi ninayo, nina haraka. Dirishani dada akauliza: rufaa iko wapi? Nikasema sina, lakini bima si hii? Akanieleza kwamba pale kwa kliniki ya kawaida naingia kwa barua ya rufaa, la sivyo nilipie taslimu. Nikawaka. Nilisema maneno ambayo mama alinikanya njia nzima ya kurudi. Tulikaa pale toka saa moja asubuhi hadi saa nane mchana nikibishana na kila aliyevaa koti jeupe, mpaka mzee mmoja wa usafi akaniambia, "Kijana, mama anaumia. Ugomvi utaumalizia kesho."

Kesho yake nikaenda kituo cha afya, ambacho nilikuwa nakipita kila siku nikikiona cha watoto wa chanjo tu. Tabibu wa pale, kijana mdogo, alimpima sukari ikasoma 19, juu mno, akakiosha kidonda vizuri, akaanza dawa, akaandika rufaa yenye maelezo ya maana. Siku iliyofuata tulipokelewa bila swali. Mama alilazwa, kidole kikapona, anakitumia hadi leo kunipigia mlango alfajiri.

Sasa uzoefu wangu ndio huu. Ukihamia, wiki ya kwanza, kabla ya kuulizia baa na shule, ulizia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na nyumba yako kinachopokea bima yako. Mpeleke mgonjwa wako akiwa mzima, afunguliwe faili, vipimo vyake viwe pale. Siku mambo yakiharibika kuna mtu anayemjua. Dharura haina habari ya rufaa: ajali, mtu kapoteza fahamu, mama anatoka damu, nenda kokote palipo karibu. Lakini kikohozi cha siku tatu usikipeleke kwa bingwa wa moyo, halafu uje humu kuandika kwamba huduma mbovu.

Dokezo la bima: mtumishi anaandikisha mwenza na wategemezi wanne, na mzazi anaruhusiwa kuwa mmoja wao. Nimekutana na watu wana miaka mitano kazini hawajamwandikisha mama. Na wakikupa fomu usaini, soma kilichoandikwa. Usisaini dawa ambazo hujapewa. Ukiambiwa dawa haipo, usiondoke kimya, uliza kama kuna fomu ya kuchukulia famasi ya nje kwa bima ileile.

Uzi uko wazi, wenyeji mnisahihishe.

kibarua99

Mkuu ubarikiwe. Mimi nimefika mwezi jana, niko Ihumwa. Mke wangu ana mimba ya miezi nane na kadi yake ya kliniki ni ya Morogoro. Huku hatuna ndugu. Nimpeleke Mkapa moja kwa moja au?

nesi_wa_zamu

@kibarua99 Kaka, tulia. Mimba ya ngapi? Amewahi kufanyiwa upasuaji? Presha yake ikoje? Maswali hayo ndiyo yanayoamua, si jina la hospitali. Kadi ya Morogoro inatumika kokote, aje nayo tu kituo cha afya cha karibu nanyi, wataendelea ilipoishia. Kama ni mimba ya kwanza, au alijifungua kwa kisu, au ana mapacha, au presha inapanda, watamwandikia mapema ajifungulie hospitali yenye upasuaji. Kama yuko sawa, kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kinamtosha. Makole pale mjini wanazalisha kila siku.

Na hii muiandike ukutani: 115. Namba ya m-mama, ni bure. Ni kwa mjamzito, aliyejifungua na kichanga wakipata dharura. Ukipiga wanatafuta gari, na pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali wanatumia madereva wa jamii waliosajiliwa. Usisubiri mpaka uchungu ukolee ndiyo uanze kutafuta bajaji ya Ihumwa saa nane usiku.

Mleta mada, asante kwa kututetea. Nifungue kidogo moyo. Mimi nipo zahanati, nje kidogo ya mji. Mtu anakuja na homa, tunampima malaria kwa kile kipimo cha haraka, hana. Anakasirika! Anataka dawa ya malaria. Ndugu zangu mliotoka Kanda ya Ziwa, Dodoma ni kukavu, malaria huku ni ndogo sana. Homa yako inaweza kuwa kitu kingine kabisa, tupe nafasi tukitafute.

Bajaji Sabasaba

Kitu kingine chenyewe ni UTI na taifodi 😂 Sijawahi kuona Mtanzania aliyepimwa akakosa UTI na taifodi.

nesi_wa_zamu

@Bajaji Sabasaba Umecheka lakini umegusa kidonda. Kile kipimo cha taifodi cha kuangalia damu kwa matone, Widal, kinadanganya mara nyingi. Mtu anaweza kusomeka anayo kwa sababu tu aliwahi kuugua zamani. Maabara uchwara zinaishi kwa hiyo. Ukipewa majibu hayo kila mwezi, badilisha maabara kabla hujabadilisha maji ya kunywa.

Mzee wa Chamwino

Nimesoma vijana mnavyosema majengo yapo, nikatabasamu. Nyinyi mmeikuta Dodoma ya lami.

Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani, ikagongana na ya mizigo pale Igandu. Watu 281 walikufa. Majeruhi waliletwa mjini usiku na mchana, kwa malori, kwa pikapu, kwa chochote chenye matairi. Hapakuwa na Mkapa. Mji mzima ulikuwa unaitazama General, na General ilikuwa na wahudumu wale wale wa siku zote. Nilikwenda kutoa damu, nikakuta mstari wa watu wametoka mashambani na majembe. Sijasahau.

Kwa hiyo mkisema foleni ndefu nakubali, ni ndefu. Ila nina kipimo changu.

Mngoni wa Kisasa

Shikamoo mzee. Hili sikulijua kwa undani. Nilikuwa Songea, tulilisikia redioni tu.

Irangi_Kondoa

Mzee wa Chamwino, nami nakuletea salamu za Kondoa, shikamoo.

Uzi mzuri lakini ni wa watu wa mjini. Mkoa wa Dodoma si Kisasa na Area D. Sisi Kondoa tuko kama kilomita 160, na afadhali tangu lami ipite kwenda Babati 2018. Kabla ya hapo mgonjwa alikuwa akiruka ruka kwenye gari mpaka unajiuliza kipi kinamuumiza zaidi, ugonjwa au barabara. Lakini lami ni barabara kuu. Ingia ndani Chemba wakati wa masika uone. Korongo ambalo jana lilikuwa mchanga mkavu leo linabeba gari. Zahanati ipo, nesi yupo, dawa ipo, na mgonjwa yuko ng'ambo anatazama maji.

Na yapo magonjwa ambayo bingwa wa mjini anakutana nayo mwishoni kabisa. Mwaka 2016 watu wa kwetu na wa Chemba walianza kuvimba tumbo, macho yakawa ya njano, wengine wakafa, watoto wakiwemo. Minong'ono ikawa ya uchawi. Kumbe ni mahindi. Yalihifadhiwa na unyevu, yakaota kuvu, ule ugali ukaharibu maini. Sumukuvu. Hakuna hospitali inayokutibu hiyo vizuri ukishachelewa, dawa yake ilikuwa kwenye turubai la kuanikia na kwenye kuchambua punje. Sasa hivi mama yangu akiona punje moja ina rangi ya kijani anatupa konzi nzima, na kuku pia hawapewi.

Mgogo Halisi

Irangi umesema kweli. Niongeze la Kongwa. Bibi zetu wengi kule walipofuka kwa vikope. Nzi, mifugo, maji ya shida, mtoto haoshwi uso, basi. Kope zinajikunja kwa ndani zinakwaruza jicho mpaka mboni inakuwa nyeupe. Nikiwa mdogo nilimwona bibi yangu na kibanio kidogo anang'oa kope zake mwenyewe, nikadhani ni urembo. Wazungu watafiti walikaa Kongwa miaka na miaka kwa ajili ya ugonjwa huo, dawa za kumeza zikagawiwa kijiji kwa kijiji, na waliochelewa wakafanyiwa upasuaji wa kurudisha kope. Watoto wa sasa hawaujui. Nenda ukawaulize Kongwa, kizazi kile cha wazee wa kushikwa fimbo kinaisha.

Kwa macho mimi bado namwambia kila mtu aende Mvumi. Shangazi yangu alitolewa mtoto wa jicho pale, kesho yake bandeji inafunguliwa anasema, "Kumbe umezeeka hivi?" Ananiambia mimi!

mama Pacha

Hahaha @Mgogo Halisi pole.

Naomba kuuliza kwa heshima. Nina mdogo wangu ambaye hayuko sawa, anaongea peke yake, halali. Nikitaja Mirembe nyumbani baba anakuja juu, anasema nataka kumtia kijana doa. Kwa watu wa huku jina hilo ni tusi, mnajua wenyewe. Kuna sehemu nyingine?

Mngoni wa Kisasa

@mama Pacha Pole sana dada. Jirani yangu alipita hapohapo. Nesi anaweza kukujibu vizuri kuliko mimi.

nesi_wa_zamu

@mama Pacha Dada, General wanapokea pia na kituo cha afya kinaweza kuanza naye, kwa hiyo kama jina ndilo linalomzuia baba, anza huko. Ila nikuambie ukweli: Mirembe si gereza. Isanga ndiyo inayoshughulika na wagonjwa wanaoletwa na mahakama, na watu wanazichanganya. Wengi wanaohudhuria Mirembe wanakuja kliniki asubuhi, wanaonana na daktari, wanapewa dawa, wanarudi nyumbani na kwenda kazini. Kuna watumishi wa hapa mjini wanakwenda, na humu ndani wapo wanaosoma. Hata waraibu wa heroini wana kliniki yao ya methadoni kule Itega.

Asiyelala siku nyingi asisubiriwe. Akianza kutishia kujidhuru au kudhuru mtu, hiyo ni dharura kama mtu anayetoka damu, mpelekeni usiku huohuo. Mwambie baba kwamba doa linaingia kijana akiokotwa barabarani.

mama Pacha

Asante dada yangu. Kesho naenda naye General, baba nitamweleza tukirudi.

Fundi Nkuhungu

Mleta mada unaongea bima bima. Sisi mafundi je? Ile CHF, bima ya mfuko wa afya ya jamii, ya 30,000 kwa kaya ya watu sita nilikata, nikaenda nayo hospitali, panadol ndiyo nilipata. Vingine nje. Bunge liko hapahapa jirani, Novemba 2023 wakapitisha bima ya afya kwa wote, tukashangilia. Mimi ninachojua ni kwamba mwanangu alipovunjika mkono niliuza mashine ya kuchomelea.

Mngoni wa Kisasa

@Fundi Nkuhungu Pole mkuu, na umenikamata. Nimeandika kama mtu mwenye kadi. Kwa asiye na bima mahali pa kuanzia ni palepale zahanati, tena kwake ni muhimu mara mbili, maana kila ngazi unayoruka inakuongezea gharama. Mtoto chini ya miaka mitano na mjamzito sera inasema bure katika vituo vya serikali, na mzee wa miaka 60 asiye na uwezo pia, ingawa utaambiwa nunua glavu, nunua hiki. Kwa mkubwa aliyekwama, kila hospitali ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii. Watu hawaijui. Usitoroke na deni wala usiuze mashine kabla hujaingia mlango huo ukaeleza hali yako, wana utaratibu wa msamaha na wa kulipa kidogo kidogo. Mkono wa mtoto ulipona?

Fundi Nkuhungu

Ulipona. Mashine ndiyo haijarudi.

Bajaji Sabasaba

Niongeze kwa upande wa usafiri, maana naona mnaongea kama vile watu wanapaa. Kutoka mjini kwenda Mkapa usiku muafikiane bei na dereva kabla hujapanda, na umwambie kabisa kama atasubiri. Mgonjwa wa mgongo au aliyevunjika mfupa msimpakie bajaji. Nimewabeba na nimewasikia wanavyolia kwenye matuta. Tafuteni gari.

Na mkifika mapokezi mmoja abaki na mgonjwa, mwingine ashike foleni ya malipo. Familia nzima inasimama dirishani, mgonjwa kaachwa kwangu. Mimi si ndugu yake!

dawa_baridi

Kuna swali sijaona. Maduka ya dawa ya mtaani. Nina duka Chang'ombe, lile la dawa muhimu. Mtu anakuja na karatasi anataka sindano ya hospitali, ninamkatalia, ananiita mbaya.

Mngoni wa Kisasa

@dawa_baridi Hapo umenigusa nyumbani, maduka ya aina yako yalianzia kwetu Ruvuma 2003! Mama anayaamini kuliko famasi kubwa. Ila alishanunua dawa ya presha ya jirani kwa kuwa "inafanana rangi". Endelea kuwakatalia.

kibarua99

Wakuu narudi na mrejesho. Tulimsikiliza nesi, tukaenda kituo cha afya na kadi ya Morogoro. Presha ilikuwa juu, na miguu ilikuwa imevimba mimi nikidhani ni joto la Dodoma. Wakampa rufaa siku ileile, akalazwa General. Juzi usiku amefanyiwa upasuaji, mtoto wa kike, kilo 2.6. Mama na mtoto wazima. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wengi kitandani mpaka mke wangu akaniuliza kama anasahihishwa mtihani.

Swali moja: mtoto namuingizaje kwenye bima? Nimeambiwa cheti cha kuzaliwa, nacho natakiwa kukifuata Morogoro?

nesi_wa_zamu

Hongera baba binti! Mwambie mama apumzike, na presha aendelee kupimwa hata baada ya kutoka, asiseme imeisha.

Morogoro hapana, mtoto kazaliwa Dodoma. Kabla hamjaruhusiwa wodini hakikisha umepewa tangazo la kizazi, na majina yawe yameandikwa sawasawa na vitambulisho vyenu, herufi kwa herufi. Cheti cha mtoto wa chini ya miaka mitano kinashughulikiwa kwenye kituo cha tiba au ofisi ya kata, uliza hapohapo. Ukishakipata ndiyo unampeleka bima. Jina mmeshampa?

kibarua99

Bado. Bibi yake anakuja na treni ya kesho, anasema tusithubutu.